Kioo Cheusi cha Nzioka

Ta! Hiyo ndiyo sauti niliyoisikia kabla sijaona chochote. Nilikuwa nyuma ya maabara ya shule yetu Mwingi, nimebeba viti viwili, na ukuta ulikuwa umenificha uwanja. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, kama mbegu ya mbarika inapopasuka juani.

Nilipozunguka ukuta nilimkuta Mwalimu Mwende, mwenzangu wa sayansi, amesimama hatua chache kutoka kwenye darubini ya shule, mkono mdomoni. Alikuwa akiijaribu kabla ya Jumamosi, siku ambayo jua lingepatwa. Darubini ilikuwa imelielekea jua peke yake, bila mtu, na katika tundu la kutazamia ulichomoza mshale wa mwanga mweupe. Mwende aliokota kifuniko cha sanduku la karatasi akakiweka mbele ya tundu lile. Kikaanza kufuka moshi.

"Nimegeuka tu kukuita," alisema. "Jicho langu lilikuwa hapo, Mwalimu. Hapo hapo."

Kilichopasuka ni kioo cheusi, kidogo kama kitufe cha koti, ambacho hufungwa kwenye tundu la kutazamia ili mtu aweze kulitazama jua. Mwende alinieleza. Lenzi kubwa ya mbele hukusanya jua lote na kulimimina pale pale penye kioo kile. Kioo kikishindwa na joto, jua lote linaingia jichoni kabla ya mtu kupepesa.

Hapo nikamkumbuka Nzioka, mtoto wa baba mkubwa, fundi saa wa Mtito Andei. Alikuwa na darubini ya aina ile ile, yenye kioo cheusi cha namna ile ile, na tangu Krismasi alikuwa akiwaambia madereva wote wa barabara ya Mombasa kwamba Jumamosi angelitazama jua uso kwa uso. Nilikimbia posta nikapiga simu kwenye kituo cha mafuta kinachotazamana na duka lake. Ililia mpaka karani akanionea huruma, akakata. Ilikuwa Jumatano. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa bila maswali mengi, kwa sababu uso wangu, alisema, ulikuwa kama wa mtu aliyefiwa.

Alhamisi asubuhi niliondoka Mwingi kwa lori la mbuzi la Abdi, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa akishuka Mombasa kwa njia ya Kitui na Kibwezi. Nilikaa mbele naye. Nyuma yetu mbuzi walilia kwa zamu, kama watu wanaosoma sala wasiyoijua vizuri.

"Unakimbilia nini Mtito, Mwalimu? Harusi?"

"Nakimbilia jicho la mtu."

Nilimweleza. Abdi alipiga usukani kwa kiganja. "Nzioka fundi saa? Huyo mtu wangu! Hii saa," akanyoosha mkono wake wa kushoto, "ilizama mto Tana siku nzima. Yeye ndiye aliiamsha. Sasa anataka kuona nini huko juani?"

"Jua likipatwa."

"Sisi jua likipatwa tunaswali. Tunainamisha kichwa. Nyinyi Wakamba mnataka kupanda juu mchungulie dirishani."

"Dirisha la nani, Abdi?"

"La Mwenyewe," alisema, akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka, akakanyaga mafuta.

Kitui tulisimamishwa ili daktari wa mifugo awakague mbuzi. Nikiwa nimekaa kwenye kivuli cha lori niliweza kuiona, mbele kidogo, nyumba ya bati jekundu ambamo Nzioka alinunua darubini yake. Mwalimu mmoja mgeni alikuwa akirudi kwao, akiuza vitu vyake, na mimi ndiye niliyempeleka Nzioka kuchagua. Kulikuwa na mbili. Moja ilikuwa ndefu, nyeupe, nzuri, na sanduku lake lilijigamba kwa maandishi makubwa kwamba hukuza vitu mara mamia. Nyingine ilikuwa fupi, imechubuka, lakini lenzi yake ya mbele ilikuwa pana zaidi. Nzioka hakusoma sanduku. Alizielekeza zote mbili kwenye vikombe vya kaure vinavyoshika nyaya juu ya nguzo ya simu, mbali barabarani. Ile ndefu ilikuza kikombe kikawa kikubwa kama sufuria, chenye ukungu, kikitetemeka kila upepo ulipogusa miguu yake myembamba. Ile fupi ilionyesha kikombe kidogo, lakini ungeweza kuona ufa ulio ndani yake.

"Kukuza si kuona," alisema. "Nataka hii yenye kuona."

Alijua mambo hayo mikononi, kabla mtu hajamfundisha. Alifunga jiwe chini ya miguu mitatu ya darubini ili isitikisike. Alianza kila mara na lenzi ya kutazamia yenye nguvu ndogo, akitafuta kitu kwanza, ndipo akikikuza. Jioni ya kwanza, mara tu giza lilipoingia, alipata sayari ya Zohali na pete yake. Akanishika bega, akaniita ndugu kwa Kikamba: "Mwanaasa, ile pete haishiki mahali popote. Imekaa tu. Nani aliipima?"

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakukipenda. Kioo cheusi cha jua kilikuwa kikicheza ndani ya pete yake ya chuma. Alikitikisa karibu na sikio, akasonya.

"Hii kazi ni ya mlevi. Kioo hakitakiwi kucheza."

Kwa fundi saa, kioo kinachocheza ni aibu. Vumbi litaingia, jasho litaingia, na mwenye saa atarudi kulalamika. Mwende alikuwa ameniambia jana yake kwamba kioo hupanuka kwa joto, na kwamba ile nafasi ndogo huachwa makusudi ili kipate pa kwendea. Cha shule yetu kilikuwa na nafasi na bado kilipasuka. Nikiwa pale kivulini mwa lori, na mkojo wa mbuzi ukidondoka karibu na kiatu changu, niliwaza mikono ya Nzioka. Mikono ile isingeweza kumiliki kitu kinachocheza na kukiacha hivyo.

Kutoka Kitui kwenda Ikutha nchi ilikuwa imekufa wima. Mbaazi zilisimama shambani zikiwa vijiti. Mito ilikuwa michanga mitupu, na katikati ya kila mchanga kulikuwa na shimo, na ndani ya kila shimo mgongo wa mwanamke anayechota. Jua lilikuwa juu yetu mchana kutwa, na mara ya kwanza maishani mwangu nililiogopa kama mnyama. Niliona kwamba hakuna mtu anayeliangalia. Watu wanaishi chini yake miaka yote, wanalima, wanazaa, wanazikana, na hawajawahi kuliona sura. Nikamwelewa Nzioka, na kumwelewa kukanizidishia hofu.

Kabla ya Ikutha gurudumu lilipasuka. Abdi alikuwa na la akiba, nalo halikuwa na upepo. Tulingoja mpaka lori lingine likapita na kutuazima pampu, na wakati huo mbuzi wawili walikuwa wamekufa. Abdi aliwashusha akiwashika miguu, akawalaza kando ya barabara kwa upole ambao sikuutarajia.

"Leo njia imekataa, Mwalimu," alisema. "Tulale Ikutha."

"Jumamosi ni keshokutwa."

"Kesho tutafika. Jua halipatwi bila ruhusa."

Ijumaa tulivuka mto Athi, tukapita Kibwezi, tukaingia barabara ya lami. Tulifika Mtito Andei alasiri. Malori yalikuwa yamejipanga kandokando, injini zikiguruma, moshi wa nyama ya kuchoma ukipita kati yake. Duka la Nzioka lilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya hoteli ya chai na gesti. Mlango ulikuwa wazi. Yeye alikuwa amekaa mahali pake, nyuma ya kioo cha meza, amejikunja juu ya saa, na darubini ilikuwa imesimama kwenye pembe, imefunikwa shuka.

Moyo ulinitulia. Nimefika kabla ya Jumamosi, nilijiambia. Nimefika.

"Mwalimu!" alisema, bila kuinua uso. "Umesikia harufu ya mbuzi ukaamua kuivaa?"

Nilicheka, nikaketi, nikaanza kumsimulia kilichotokea Mwingi. Nikiwa katikati ya maneno niliona kitu kilichonifanya ninyamaze. Mafundi saa hubana kwenye jicho kikopo cheusi chenye lenzi, na kwa miaka yote niliyomjua Nzioka kikopo chake kilikaa jicho la kulia, mpaka nyama ya pale ilikuwa imeweka alama ya duara. Sasa kilikuwa jicho la kushoto. Hakikutaka kushika. Kilianguka mezani, akakirudisha, kikaanguka tena.

"Nzioka. Nitazame."

Alinitazama. Macho yote mawili yalikuwa mazima kwa nje, meusi, mazuri.

"Funga la kushoto. Unaona nini?"

Alifunga. Alikaa hivyo kwa muda, akigeuza kichwa kidogo huku na huku, kama kuku anayetafuta punje.

"Naona masikio yako," alisema. "Naona na nywele. Uso ndio hauko."

Ilikuwa imetokea Jumanne, siku moja kabla ya sauti ile ya Mwingi. Alitaka kufanya mazoezi, ili siku yenyewe asihangaike kulitafuta jua mbele ya watu. Kioo cheusi alikuwa amekikaza tangu zamani, kwa utepe mwembamba wa madini ya risasi uliozungushwa ukingoni, kazi safi, kisicheze hata unywele. Aliweka jicho la kulia, jicho la kazi. Aliona duara la kijani, tulivu, lenye ukingo kama wa sarafu. Akasikia mlio. Hakusikia maumivu yoyote. Hilo ndilo lililomshangaza, kwamba jicho halikumuuma. Alipoliondoa jicho tunduni, duara lilikuja nalo.

"Umemwambia nani?"

"Nani nimwambie? Nikisema nimechomeka jicho, nani ataniachia saa yake?" Akaonyesha ukutani, saa za madereva zilivyoning'inia kwenye misumari. "Na Ndinda hajui. Usiende Kathonzweni kumwambia."

Ndinda ni mke wake. Aliishi Kathonzweni na watoto, Mumo na wadogo zake, kwenye shamba ambalo mwaka ule halikuwa limetoa kitu. Nyumba ile yote ilikula kutokana na jicho lile.

"Itapungua," alisema. "Siku ya kwanza ilikuwa kubwa zaidi. Wacha tuone."

Kisha akainuka, akafunua darubini, na nikaona alichokuwa amefanya. Vile vipande vya kioo cheusi alikuwa ameviunganisha kwa gundi, akavirudisha mahali pake.

"Cha nini hicho?"

"Cha kesho."

"Nzioka!"

"Bado kuna la kushoto."

Sikuamini masikio yangu. Nilimwuliza kama amerukwa na akili. Alijibu polepole, akiegemea meza, na hakuwa mwendawazimu hata kidogo.

"Mwanaasa, nimeshalipa. Jicho limeenda. Na hata sijaona kitu! Niliona duara tu, kama sahani. Kesho ndiyo siku yenyewe. Unataka nilipe na nikose?"

Tulibishana mpaka jirani wa hoteli akachungulia kutuuliza kama kuna vita. Nilimwambia Nzioka kwamba jua halitoi risiti, kwamba halijui alilipa. Nilimwambia nitavunja darubini. Akasema nikivunja tusijuane tena. Mwishowe nilichomoa kipande chote cha kutazamia, pamoja na kioo chake, nikakitia mfukoni. Nilikilalia usiku ule, kwenye sakafu ya duka lake, na asubuhi paja langu lilikuwa na alama.

Jumamosi watu walianza kukusanyika baada ya chai. Redio ilikuwa imewaonya wasitazame jua, na wengi walijifungia ndani, lakini madereva hawapendi kujifungia. Walikuja, na wapishi wa hoteli, na mzee mmoja wa kanisa aliyekuja, alisema, kuhakikisha hakuna uganga. Kwetu jua lisingefunikwa lote. Kwa giza kamili ilibidi uende mbele zaidi, upande wa Voi. Kwetu lingebaki ukucha, na ukucha wa jua unachoma sawa na jua zima.

Niliirudisha lenzi ya kutazamia bila kile kioo cheusi. Kioo nilikitupa chooni. Nikafunika ile darubini ndogo ya kulengea iliyo juu ya kubwa, maana hiyo nayo ni jicho, na huchoma ndevu na shati. Kisha nikaweka karatasi nyeupe kwenye ubao, nyuma ya tundu, mbali kidogo, ili mwanga uangukie karatasini. Hatukutafuta jua kwa kuchungulia. Tuligeuza bomba mpaka kivuli chake kikawa kifupi kabisa chini, na ghafla jua likatua kwenye karatasi, duara jeupe kubwa kama kisosi, na madoa mawili madogo ndani yake.

"Nani amelimwagia jua chai?" akasema mpishi, na watu wakacheka.

Kisha ukingo ukaumwa.

"Chapati imeanza kuliwa!" dereva mmoja akapaza sauti.

Walicheka mara ya pili, kidogo. Baadaye hawakucheka. Mwanga ulikuwa ukipungua bila kuwa jioni. Haukuwa mwekundu wala wa manjano. Ulikuwa wa majivu. Chini ya mgunga kila doa la mwanga lililopita kwenye majani lilikuwa limegeuka ukucha, maelfu ya kucha zikitikisika mchangani. Upepo wa baridi ulipita. Mbuzi wa Abdi, walioshushwa jana kupumzika na sasa wakingoja kupanda lori, walilala chini kwa pamoja. Mzee wa kanisa alivua kofia.

Nzioka alisimama nimemshika mkono, mgongo kwa jua, macho kwenye karatasi. Alifunga jicho la kulia kwa kiganja. Alitazama uzi ule mweupe uliobaki, mwembamba, uliojikunja kama springi ya saa, akautazama mpaka ulipoanza kunenepa tena upande wa pili.

"Ni hii tu?" aliniuliza.

Nilisema, "Ni hii."

Akatikisa kichwa, akarudi dukani. Watu walikuwa bado wakizungumza nje, kwa sauti za juu za watu waliookoka, Abdi alipoingia kumuaga kabla ya kuondoka. Alivua saa yake. Ilikuwa ikikimbia mbele, alisema, tangu Kitui. Irekebishwe tu kidogo. Nzioka aliifungua. Aliweka kikopo jicho la kulia, kwa mazoea ya miaka, na mkono wake ukashuka na bisibisi mpaka mahali ambapo skrubu inapaswa kuwa. Bisibisi ilisimama hewani. Aligeuza kichwa huku, akageuza kule. Akajaribu la kushoto. Mkono wenyewe ukakosea kina, ukagonga springi. Saa iliyoiona Tana ikatoka salama ilinyamaza mezani.

Abdi aliitazama. Kisha akanitazama mimi, na nikainamisha uso.

"Hakuna neno, fundi," alisema, akaifunga mkononi hivyo hivyo, imekufa. "Saa nzuri hii. Hata ikisimama."

Jumatatu nilimpeleka Nzioka hospitali moja ya upande wa Machakos. Daktari alimulika ndani ya jicho kwa taa ndogo, akamulika tena. Alituambia kwamba kwenye ukuta wa nyuma wa jicho, mahali panaposoma na kutambua nyuso, kuna kovu. Pembeni kuko sawa. Nzioka aliuliza kama kuna miwani.

"Miwani husaidia lenzi," daktari alisema. "Hapa si lenzi iliyoharibika."

"Dawa?"

"Pole sana."

Kutoka Machakos tuliteremka mpaka mji wa Wote, na kutoka Wote mpaka Kathonzweni. Njiani Nzioka alikaa upande wa dirisha na hakutazama nje. Nami nilikuwa na muda wa kupanga nilichojifunza, nikiandike hapa kwa ajili ya yeyote atakayetamani kununua darubini. Chagua lenzi pana, usidanganywe na sanduku linalojigamba. Pendelea miguu mizito. Na kama unataka jua, kinga yake iwe mbele kabisa, kwenye mdomo wa bomba, ikilizuia jua kabla halijakusanywa. La sivyo, liangushe kwenye karatasi ukiligeuzia jua mgongo. Ukikuta kioo cheusi kidogo cha kufunga karibu na jicho, kitupe chooni kabla hata ya kulipa. Hayo ni rahisi kuandika. Jambo gumu zaidi nililojifunza ni kwamba Nzioka hakuchomwa na ujinga. Alichomwa na kazi nzuri. Fundi mzembe angekiacha kioo kicheze, na huenda kingemvumilia dakika moja zaidi.

Kathonzweni tulifika alasiri. Ndinda alikuwa akipura mbaazi chache zilizopatikana. Nzioka alimwambia mwenyewe, akiwa amesimama, kwa maneno machache, kwa Kikamba. Ndinda aliweka chini mti wa kupuria. Hakulia. Alimkaribia, akamshika kidevu, akatazama jicho lile zima lisiloona, kwanza kwa karibu, kisha kwa mbali.

"Unaniona?"

"Nakuona kwa hili lingine."

"Basi njoo ule."

Baada ya kula Nzioka alitoa kikopo chake na saa ya mezani, kubwa, mbovu, akaketi karibu na mlango penye mwanga. Alibana kikopo jicho la kushoto, kikaanguka. Alikibana tena. Ndinda alinifuata mpaka kwenye pembe nilipoegemeza darubini.

"Mwalimu, mimi sina neno na wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Ulikimbia ukaja. Lakini hicho chombo kisilale hapa. Watoto wapo."

"Nitaipeleka shuleni, mama Mumo."

Niliitia darubini begani, imefungwa kwenye shuka lake. Nilipompita Nzioka nilisikia skrubu ikianguka sakafuni, na nikainama.

"Wacha," alisema. "Nitaitafuta mwenyewe."

Alikuwa ameshapiga magoti, akipapasa udongo kwa ncha za vidole, uso umegeuzwa pembeni ili aweze kuona. Nilisema kwaheri. Alisema niwasalimie watu wa Mwingi. Nikatoka, na Ndinda akafunga mlango nyuma yangu.